‘Memori haiwezi kusomwa’: Ujumbe huu wa kompyuta una maana gani, na kwa nini usikimbilie kufomati?

Kwa wanaotumia kompyuta za Windows zilizowekwa katika lugha ya Kifaransa, kama ilivyo katika ofisi nyingi za Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ujumbe huu si mgeni. Kisanduku kidogo hutokea katikati ya skrini kikiwa na namba ndefu zinazoanza na 0x, kisha maneno: «La mémoire ne peut pas être "read"». Mtumiaji akibofya OK, programu aliyokuwa akiifanyia kazi hutoweka.

Sentensi yenyewe ni mseto. Ni ya Kifaransa mwanzo hadi mwisho, isipokuwa neno la mwisho ambalo ni la Kiingereza. Kwa Kiswahili inasema kwamba kumbukumbu, au memori kama wengi wanavyoiita, haiwezi kusomwa.

Hapo ndipo hofu huanza. Kwa watu wengi memori ni mahali zilipohifadhiwa faili: kadi ya simu, flashi au diski ya kompyuta. Akiambiwa kwamba memori haisomeki, mtu huamini kuwa kazi zake zote zimepotea. Wapo wanaoanza kufuta picha na video ili kupunguza mzigo. Wengine huipeleka mashine kwa fundi, naye huifomati na kuweka Windows upya.

Mara nyingi hatua hizo zote mbili hazikuhitajika. Ujumbe huo hauzungumzii faili zako, wala hausemi kwamba kompyuta imejaa. Kinachoweza kuzipoteza faili ni haraka ya kufomati kabla ya kujua tatizo liko wapi.

Kwa nini jambo hili ni zito mahali kama Ankoro?

Ankoro iko katika eneo la Manono, jimbo la Tanganyika, pale mto Luvua unapoingia katika mto Lualaba. Makao makuu ya jimbo, Kalemie, yako mbali upande wa mashariki, kwenye ufuo wa Ziwa Tanganyika. Ankoro ni pia jina la mojawapo ya kanda 11 za afya za jimbo hilo.

Katika mfumo wa afya wa Kongo, takwimu za vituo vya afya hukusanywa katika ofisi kuu ya kanda, ambako huingizwa kwenye kompyuta na kupelekwa ngazi ya jimbo. Shule za sekondari nazo huandaa orodha za wanafunzi na matokeo yao. Ofisi ndogo za kuchapa barua na kutoa fotokopi hutunza nyaraka za watu wengi, kuanzia maombi ya kazi hadi kazi za mwisho wa masomo ya chuo.

Kazi hizo zote mara nyingi hukaa kwenye mashine moja au mbili, na si kila ofisi ina nakala ya pili. Mtandao wa intaneti ni wa kubahatisha na bando ni ghali, kwa hiyo kuhifadhi kila kitu mtandaoni si jambo rahisi. Kipuri kikikosekana mjini, kinapaswa kuagizwa mbali na kuletwa kwa barabara mbovu au kwa chombo cha mtoni.

Katika mazingira hayo, mtu anayejua kutofautisha hitilafu ya programu na hitilafu ya kifaa anaweza kuokoa kazi ya mwaka mzima.

Kumbukumbu inayozungumziwa ni ipi?

Kompyuta ina sehemu mbili ambazo watu huziita memori. Ya kwanza ni diski, ambako faili hukaa hata mashine ikizimwa. Ya pili ni RAM, ambako programu hufanyia kazi zake kwa muda. Umeme ukikatika, kilichokuwa kwenye RAM hupotea, lakini kilichokwisha kuhifadhiwa kwenye diski hubaki.

Ujumbe wa «read» unahusu hiyo ya pili.

Chukua mfano wa nyumba ya wageni yenye vyumba 20. Kila mgeni anapewa vyumba vyake na haruhusiwi kuingia vya wengine. Msimamizi wa nyumba ni Windows, wageni ni programu, na vyumba ni sehemu za RAM. Namba inayoanza na 0x si siri wala virusi: ni namba ya chumba, iliyoandikwa kwa mtindo wa kuhesabu ambao mafundi wa kompyuta wanautumia.

Sasa mgeni mmoja anaomba afunguliwe chumba namba 21. Chumba hicho hakipo. Mwingine anarudi na ufunguo wa chumba alichokwisha kukiacha jana. Wa tatu anaomba chumba namba sifuri. Msimamizi hana jinsi ya kuwahudumia, wala hawezi kuwaacha wazurure kwenye vyumba vya watu. Anawatoa nje.

Ndivyo inavyokuwa. Programu imegusa sehemu ya kumbukumbu isiyo yake au isiyokuwepo, na Windows ikaifunga ili isiharibu kazi za programu nyingine. Neno «read» linamaanisha ilikuwa ikijaribu kusoma. Likiwa «written», ilikuwa ikijaribu kuandika. Katika kumbukumbu za ndani za Windows tukio hilo lina namba yake maalumu: 0xc0000005.

Linux na kompyuta za Mac zina ulinzi huohuo, ingawa ujumbe wake huandikwa kwa maneno mengine. Kwa hiyo kufungwa kwa programu ni dalili kwamba ulinzi umefanya kazi. Swali linalobaki ni moja: nani aliyekosea namba ya chumba?

Kosa la chumba cha 21 lililosimamisha ndege

Mfano wa chumba cha 21 haukuchaguliwa kwa bahati. Julai 19, 2024, kampuni ya usalama wa kompyuta ya CrowdStrike ya Marekani ilituma sasisho dogo kwa wateja wake duniani. Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika tisa asubuhi kwa saa za Kalemie. Muda mfupi baadaye kompyuta zikaanza kuzimika na kuonyesha skrini ya buluu, zikijiwasha na kuzimika tena.

Microsoft ilikadiria kuwa kompyuta milioni 8.5 ziliathirika. Maelfu ya safari za ndege yalifutwa, na hospitali na benki katika nchi mbalimbali zikavurugika.

Uchunguzi wa kampuni hiyo ulionyesha kuwa sehemu moja ya programu ilitarajia taarifa 21, ilhali ilikuwa imepewa 20 tu. Ilipojaribu kusoma ya 21, ilivuka mpaka wa kumbukumbu yake. Ni kosa la aina ileile inayofunga programu ya kuandikia barua kwenye ofisi yoyote ile.

Tofauti ilikuwa mahali kosa lilipotokea. Programu ya kawaida ikivuka mpaka, inafungwa yenyewe na mashine inaendelea. Lakini programu ya CrowdStrike ilikuwa ikifanya kazi ndani kabisa ya Windows, mahali panapokaa draiva za vifaa. Huko, kosa moja huiangusha mashine nzima, kwa sababu ni kama aliyekosea ni msimamizi mwenyewe.

Kuna somo lingine katika tukio hilo. Kampuni iliondoa sasisho hilo baada ya dakika 78, lakini mashine nyingi zilizokwisha kuanguka hazikuweza kutengenezwa kwa mbali. Watu walilazimika kwenda kwenye mashine moja baada ya nyingine, kuiwasha katika hali salama, ambayo Windows ya Kifaransa huiita «mode sans échec», na kufuta faili moja. Dawa haikuwa kufomati. Ilikuwa kujua faili gani imekosea.

Ujumbe umetokea. Ufanye nini kwanza?

Jambo la kwanza ni kutobofya OK mara moja. Kisanduku kikiwa bado kipo, piga picha skrini kwa simu au andika ujumbe wote kwenye karatasi, pamoja na namba zake na jina la programu lililo juu ya kisanduku. Ukishabofya, ushahidi huo unaondoka.

Pili, hifadhi kazi zilizo wazi kwenye programu nyingine. Iliyopata hitilafu itafungwa, lakini nyingine kwa kawaida bado zinafanya kazi. Kama iliyofungwa ni Word, ifungue tena kabla ya kukata tamaa. Kwa kawaida Word hujiwekea nakala ya dharura kila baada ya dakika 10 na huweza kukuonyesha nakala hiyo inapofunguliwa upya.

Tatu, nakili faili muhimu kwenye flashi au diski ya nje kabla ya jaribio lolote la matengenezo. Hatua hii watu wengi huiruka kwa sababu mashine bado inawaka. Lakini ni wakati huo, mashine ikiwa bado inawaka, ambapo kunakili ni rahisi.

Kisha jiulize swali ambalo huamua mengi yanayofuata: je, hitilafu inatokea kwenye programu moja tu, au kwenye programu tofauti tofauti?

Ikiwa ni programu moja

Kama ni programu ileile kila mara, hasa ukifanya kitendo kilekile kama kuchapisha au kufungua faili fulani, uwezekano mkubwa ni kwamba RAM ni nzima na kasoro iko kwenye programu au kitu kinachoshirikiana nayo.

Angalia namba ya pili katika ujumbe. Ikiwa ni sifuri tupu, 0x00000000, au namba ndogo sana karibu na sifuri, programu imeomba kile chumba namba sifuri. Windows huacha kwa makusudi eneo la mwanzo kabisa la kumbukumbu bila kumpa mtu, ili kosa hili linaswe mapema. Kwa kawaida hilo ni kosa la aliyeandika programu.

Jaribu kufungua faili nyingine kwa programu hiyohiyo. Ikiwa nyingine zinafunguka vizuri, huenda ni faili hiyo iliyoharibika, labda umeme ulikatika wakati ikihifadhiwa au flashi ilichomolewa kabla ya wakati. Ijaribu kwenye kompyuta nyingine kabla ya kuilaumu mashine yako.

Kama Word ndiyo inayosumbua, shikilia kitufe cha Ctrl wakati wa kuifungua. Itauliza kama unataka kuifungua katika hali salama, bila nyongeza zake. Ikifanya kazi hivyo, mkosaji ni nyongeza mojawapo, na inaweza kuzimwa.

Jiulize pia ni nini kimebadilika karibuni. Je, kuna printa mpya iliyowekwa na draiva yake? Je, kuna antivirusi mbili kwenye mashine moja? Programu mbili za aina hiyo huingilia kazi za programu nyingine na za kila mmoja, na mara nyingi zinagombana. Kuondoa moja kunaweza kumaliza tatizo.

Programu zilizovunjwa kufuli, zile zinazopitishwa kwa flashi kutoka mashine hadi mashine, ni mtuhumiwa mwingine. Aliyezivunja amebadilisha maelekezo ya ndani ya programu, na pengine ameongeza yake. Hata kama hazina virusi, zinaweza kukosea namba ya chumba mahali ambapo programu halisi isingekosea.

Katika Windows 10 na 11, mara nyingi programu hufungwa bila kisanduku chochote. Hapo fungua «Observateur d'événements», nenda kwenye «Journaux Windows», kisha «Application». Mstari mwekundu wa wakati ule utaonyesha programu iliyoanguka, sehemu yake iliyokosea na namba 0xc0000005.

Tahadhari moja: jina ntdll.dll likionekana hapo, usilipakue mtandaoni. Ni sehemu ya Windows ambayo programu nyingi hupitia, kwa hiyo mara nyingi hutajwa kwa kuwa ndipo ajali ilipoonekana, si kwa kuwa ndiyo chanzo. Tovuti zinazotoa faili za aina hiyo moja moja ni njia nzuri ya kuingiza virusi.

Ikiwa ni programu tofauti tofauti

Leo ni Word, kesho ni kivinjari cha intaneti, keshokutwa ni skrini ya buluu, na namba za kumbukumbu hazifanani hata mara moja. Hapo shaka inahamia kwenye vifaa: RAM, umeme, joto au diski. Draiva mbovu pia inaweza kuleta dalili hizo.

RAM huharibika kuliko watu wanavyodhani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 na watafiti wa Google na Chuo Kikuu cha Toronto, uliofuatilia mashine za Google zenyewe, ulikuta zaidi ya asilimia 8 ya vipande vya RAM vikipata angalau kosa moja kwa mwaka. Mashine zile zilikuwa na RAM maalumu inayojisahihisha. Kompyuta nyingi za ofisini na nyumbani hazina, kwa hiyo kosa hupita bila kuonekana hadi programu ianguke.

Utafiti wa Microsoft wa mwaka 2011, uliotumia taarifa za kompyuta takriban milioni moja za watu wa kawaida, uliongeza jambo la kuzingatia: mashine iliyokwisha kuanguka mara moja kwa sababu ya kifaa ina uwezekano mkubwa zaidi wa kuanguka tena. Kwa maneno mengine, kipande kibovu hakijiponi.

Windows ina kipimo chake, «Diagnostic de mémoire Windows». Andika mdsched kwenye sehemu ya kutafuta, kisha kubali kuwasha upya. Kipimo hakihitaji intaneti wala malipo. Kipo pia kipimo cha bure kiitwacho Memtest86+, kinachowekwa kwenye flashi na kuwashwa bila Windows.

Kipimo kinaweza kuchukua saa kadhaa. Kwa wanaotegemea sola au jenereta, ni vyema kukipangia wakati ambapo umeme una uhakika. Kwa kompyuta ya mezani isiyo na betri, umeme ukikatika katikati itabidi kuanza upya.

Majibu yake husomwa kwa ukali: hata kosa moja ni kosa. Lakini kipimo kisipoona kitu, haimaanishi moja kwa moja kuwa RAM ni nzima, kwa sababu makosa mengine hujitokeza mashine ikiwa moto au ikiwa na kazi nyingi.

Kabla ya kununua kipande kingine, zima mashine, chomoa waya wa umeme na utoe betri ikiwezekana. Gusa chuma ili kuondoa umeme tuli mwilini, kisha toa vipande vya RAM, pangusa vumbi na uvirudishe hadi vibane vizuri. Mara nyingine tatizo ni kipande kilicholegea tu. Kama kuna vipande viwili, jaribu kuwasha kwa kimoja, kisha kwa kingine. Kikileta makosa peke yake katika nafasi zote mbili, umempata mhusika.

Umeme, vumbi na joto

Sehemu nyingi za Kongo hazijafikiwa na gridi ya umeme. Watu hutumia paneli za sola, betri na jenereta ndogo, na umeme unaotoka huko unaweza kupanda na kushuka. Kompyuta ya mezani inayopokea umeme usiotulia, au yenye kifaa cha ndani cha umeme kilichochoka, inaweza kutoa makosa ya kumbukumbu ingawa RAM yake ni nzima.

Dalili yake ni kwamba hitilafu huja kwa saa fulani, kwa mfano jenereta ya jirani inapowaka au mashine ya fotokopi inapoanza kazi. Jaribio rahisi ni kuitumia kompyuta kwenye chanzo kingine cha umeme kwa siku mbili tatu. Kompyuta mpakato inaweza kujaribiwa kwa betri yake peke yake.

Vumbi la kiangazi nalo huziba feni. Mashine inayoanguka baada ya saa moja ya kazi, lakini ikafanya vizuri ikiwa imepoa, inahitaji kusafishwa kabla ya jambo lingine lolote.

Umeme ukikatika ghafla unaweza pia kuharibu faili za Windows zenyewe. Kwa hilo kuna amri mbili, ambazo huandikwa kwenye «Invite de commandes» iliyofunguliwa kwa mamlaka ya msimamizi. Amri chkdsk hukagua diski. Amri sfc /scannow hukagua faili za Windows na kurudisha zilizoharibika, tena bila intaneti. Ipo ya tatu, DISM, lakini kwa kawaida huchota faili kutoka Microsoft. Asiye na bando la kutosha anaweza kutumia flashi yenye Windows ya toleo lilelile.

Mambo yasiyosaidia

Kufuta picha, muziki na video hakugusi tatizo hili, kwa kuwa vitu hivyo viko kwenye diski. Programu zinazodai kusafisha RAM au kutengeneza Windows kwa mbofyo mmoja haziondoi kosa lililo ndani ya programu nyingine, na baadhi zinaleta madhara mapya.

Kuongeza RAM ni suala jingine pia. Mashine yenye RAM ndogo huwa nzito, na pengine husema kumbukumbu haitoshi. Ujumbe huo ni tofauti na huu wa kutoweza kusoma. Nyumba ya wageni ikiongezwa vyumba vitano, bado haina chumba namba sifuri.

Kufomati kunaweza kusaidia kama faili za Windows zimeharibika vibaya au virusi vimeota mizizi. Lakini kama RAM ni mbovu, kufomati ni hasara juu ya hasara. Windows mpya itapita kwenye RAM ileile ikielekea kwenye diski, na baadhi ya faili zake zinaweza kuandikwa zikiwa tayari zimeharibika. Baada ya wiki moja ujumbe unarudi, na faili za zamani hazipo tena.

Ndiyo maana mafundi wenye uzoefu hupima RAM kwanza. Mwenye kompyuta ana haki ya kumuuliza fundi maswali mawili kabla hajagusa mashine: umepima nini, na faili zangu umezinakili wapi?

Kwa nini waandishi wa programu hawamalizi kosa hili?

Kosa hili ni la zamani. Mwanasayansi wa Uingereza Tony Hoare, aliyeingiza wazo la anwani tupu katika lugha ya programu mwaka 1965, alisema mwaka 2009 kwamba lilikuwa kosa lake la dola bilioni moja. Programu nyingi za kompyuta, Windows ikiwemo, zimeandikwa kwa lugha za C na C++, ambazo humwachia mwandishi jukumu la kulinda mipaka ya kumbukumbu.

Mwandishi akisahau, matokeo si kuanguka kwa programu tu. Wahalifu wanaweza kutumia mwanya huohuo kuingia. Mwezi Mei 2017, virusi vya WannaCry vilipitia kosa la kumbukumbu ndani ya Windows, vikafunga faili za kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150 na kudai fidia. Mwaka 2019 Microsoft ilisema takriban asilimia 70 ya kasoro za usalama inazozirekebisha kila mwaka zinatokana na makosa ya kumbukumbu.

Mabadiliko yameanza. Lugha mpya kama Rust huzuia mengi ya makosa hayo kabla programu haijafika kwa mtumiaji. Google ilieleza mwaka 2024 kwamba sehemu ya kasoro za aina hiyo kati ya kasoro za usalama za Android ilishuka kutoka asilimia 76 mwaka 2019 hadi asilimia 24, baada ya kuandika sehemu mpya kwa lugha salama zaidi.

Lakini marekebisho hayo huwafikia wanaopata masasisho. Microsoft ilisitisha masasisho ya Windows 7 Januari 14, 2020, na masasisho ya kawaida ya Windows 10 Oktoba 14, 2025. Mashine zinazoendelea na matoleo hayo zitabaki na kasoro ambazo zingerekebishwa. Kwa ofisi isiyo na uwezo wa kubadilisha kompyuta, kinga iliyobaki ni kupunguza flashi za kila mtu kuingia kwenye mashine ya kazi, kuacha programu zilizovunjwa kufuli, na kutunza nakala.

Nakala zenyewe ziwe mbili: moja kwenye diski au flashi inayokaa ofisini, nyingine inayolala mahali pengine. Ichaguliwe siku moja ya juma, na mtu mmoja mwenye jukumu hilo. Mara moja kwa mwezi, nakala ifunguliwe kwenye kompyuta nyingine ili kuhakikisha inasomeka. Ofisi yenye nakala hizo inaweza kumruhusu fundi afanye kazi yake, hata kama mwisho wa yote atalazimika kufomati.